Vitabu Viwili, Vita Vile Vile

Swali: Ndugu Mhariri, ninaandika historia ya ukoo wetu uliotoka Buyaga. Kitabu cha Apolo Kagwa cha mwaka 1901 na kile cha John Nyakatura cha mwaka 1947 havisimulii vita vya Buganda na Bunyoro, falme mbili za Uganda, kwa namna moja. Niamini kipi? – Msomaji, Hoima.

Jibu: Ndugu msomaji, uliza kwanza kila mwandishi alikuwa ameketi wapi alipoandika. Kagwa alikuwa Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda na alitia sahihi Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, ulioiacha Buyaga ndani ya mipaka ya Buganda. Nyakatura, chifu wa Bunyoro, aliandika huku watu wake wakiidai ardhi hiyo, ambayo hawakurudishiwa hadi baada ya kura ya maoni ya 1964. Hata orodha ndefu za wafalme, kwa maoni yangu, ni hoja za kisiasa. Kwa ukoo wa kawaida, daftari la ubatizo la misheni hufaa zaidi: mstari mmoja wa wino uliofifia huweza kukupa jina la mtoto, wazazi wake, kijiji na msimamizi wake wa ubatizo. Jihadhari na tahajia tu, kwani padri mgeni aliandika alivyosikia, na herufi za r na l hubadilishana ovyo. Unapoyasoma majina hayo, yasome kwa sauti mbele ya mzee wa ukoo.