Igeuze diski kwanza

Kaka, hiyo gemu ya Cannon Spike ya Dreamcast, ile mashine ya michezo ya Sega, unayouliza kama ni ya asili, uliyoiona mitumbani Kongowea: usitoe pesa kabla hujaigeuza. Dreamcast iliachwa kutengenezwa 2001, na diski zake ni GD-ROM, aina maalumu ya Sega inayofanana na CD. Upande wa chini lazima uone pete inayotenga sehemu ndogo ya ndani na ile kubwa ya nje. Ikikosa pete, tena ing'ae kijani au zambarau, hiyo ni nakala iliyochomwa kwenye kompyuta. Kwa mkusanyaji haina thamani. Kijitabu nacho kifungue, maana unyevu wetu wa pwani hauna huruma na karatasi. Changu nilikikuta kurasa zimegandana, roho iliniuma. Ikiwa nzima, wallahi usiiache.