Mbwa alitikisa mkia, kisha akamuuma mtoto

SWALI: Daktari, mbwa wetu wa miaka 3 alimuuma mwanangu mkononi alipomkumbatia akila. Mkia alikuwa akiutikisa! Mwalimu wa mbwa hapa mtaani asema ni mnafiki, na kila akinguruma tumchape mpaka anyamaze. Tufanyeje? (Mama, Kisauni)

JIBU: Mama, jeraha kwanza. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitali leo hii, daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa msimuue; mfungieni, mumtazame siku 10.

Sasa mkia. Mkia waonyesha tu kwamba mbwa amesisimka, iwe kwa furaha, hofu au hasira. Wa furaha umelegea, na kiuno chote huyumba nao. Wa onyo husimama juu, umekakamaa, ukitikisika upesi na kwa kifupi. Watafiti wa Italia mwaka 2007 waliona hata upande una maana: mbwa akimwona anayemfuga, mkia huelemea kulia kwake, akimwona mbwa mgeni mbabe, huelemea kushoto.

Ila mkia hausomwi peke yake. Mbwa anayelinda chakula kwa kawaida huacha kutafuna, mwili ukaganda, na weupe wa jicho ukatokeza pembeni kama mwezi mwandamo. Hapo huwa ameshasema. Na kukumbatiwa, kwetu ni mapenzi. Kwake ni kubanwa.

Huyo mwalimu msimsikilize kabisa. Mbwa akichapwa kwa kunguruma, hofu hubaki palepale; kinachoondoka ni onyo, na siku nyingine atauma kimya kimya. Wanaokata masikio na mkia ati mbwa awe mkali nao wanamnyang'anya viungo anavyosemea. Mlisheni peke yake, mlango umefungwa, na akinguruma mwondoeni mtoto, si mbwa.

Kosa letu ni lilelile kila mara: kusoma uso wa mnyama kana kwamba ni wa binadamu. Mbwa aliyelaza masikio na kuinamisha kichwa mwasema anajutia kosa. Utafiti wa Alexandra Horowitz, 2009, ulionyesha mbwa hutoa sura hiyo kwa kukaripiwa, hata kama hakukosa lolote. Na tumbili wanaoingia majumbani huko Nyali, mmoja akikuonyesha meno hacheki, ana hofu. Usimrudishie tabasamu wala usimkazie macho. Tazama pembeni, rudi nyuma taratibu, mwachie njia ya kutokea.