Mwasumini wa Mombasa katika sakitu ya Nyahururu

SWALI: Assalamu aleikum. Mwaka jana nilimpelekea binti yangu, anayefanya kazi Nyahururu, miche miwili ya mwasumini kutoka uani kwangu hapa Kibokoni, Mombasa. Baridi ya Julai haikuidhuru, lakini asubuhi moja ya Januari aliamka akakuta nyasi zimekuwa nyeupe na majani ya miasumini yamekuwa meusi kana kwamba yamebabuliwa kwa moto. Je, aing'oe?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Tafadhali asiing'oe. Kilichoiunguza ni sakitu, yaani barafu nyembamba inayotanda juu ya mimea usiku wa baridi kali, na katika nyanda za juu sakitu huanguka zaidi miezi ya Januari na Februari kuliko Julai, kwa kuwa mawingu ya Julai huzuia joto la ardhi lisipotee, ilhali usiku wa Januari usio na wingu wala upepo huliacha joto hilo lipande lote angani. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda huliharibu. Mwasumini uliozoea usiku wetu, ambao hata Julai huwa karibu na digrii 20, hauna kinga dhidi ya hali hiyo.

Kwanza akwaruze gome kwa ukucha karibu na shina. Akiona ubichi wa kijani, mti ungali hai. Matawi yaliyokufa asiyakate mpaka mvua za Machi au Aprili zianze, kwa sababu yanaikinga sehemu ya chini, na kupogoa mapema huamsha machipukizi laini ambayo sakitu nyingine itayamaliza.

Baada ya hapo, ushauri wangu ni kuihamishia kwenye vyungu, ikae barazani na kuingizwa ndani usiku usipokuwa na mawingu. Akipenda ibaki ardhini, aipande mahali palipoinuka, kwa kuwa hewa baridi hutiririkia bondeni, na karibu na ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta huo hulirudisha joto usiku. Ukuta wa mashariki haufai: jua la asubuhi huyeyusha barafu ya majani kwa ghafla na kuongeza madhara. Siku ya hatari amwagilie udongo adhuhuri, kisha aifunike kwa shuka kabla ya magharibi na kuifunua asubuhi. Mbolea asiweke tangu Novemba.

Asumini za kutosha kikuba (kishada cha maua yanukiayo) kila jioni asizitarajie huko, kwani vitumba vyake hutaka joto.