Maswali Yaleyale kwa Kila Mpangaji

Nina vyumba vinne vya kupangisha Nkuhungu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, hodi zilikuwa haziishi getini, nami nikazoea kuchagua wapangaji kwa kuwatazama tu.

Siku moja chumba kimoja kiliwaniwa na wawili. Asubuhi alikuja mama ntilie, mtoto mgongoni. Nikambana: mumeo yuko wapi, kodi utaitoa wapi, huyo mtoto halii usiku? Akajibu yote kwa heshima. Jioni akaja kijana, shati limenyooshwa, akasema ni mtumishi. Sikumwomba hata kitambulisho, nikampa ufunguo. Alilipa miezi mitatu ya mwanzo, akakaa minne bila kulipa, akahama usiku. Hela iliniuma, lakini kinachoniumiza hadi leo ni yale maswali niliyomuuliza yule mama. Mume wake alihusu nini na kodi yangu?

Sasa nina karatasi moja, na dalali ana nakala. Kila anayekuja anasomewa kabla ya kuoneshwa chumba: kitambulisho cha NIDA, idadi ya watakaoishi humo, kipato kisichopungua mara tatu ya kodi ya mwezi, na namba za wenye nyumba wake wawili wa mwisho. Wawili, si mmoja, kwa sababu wa sasa anaweza kumsifia ili tu amwondoe kwake. Asiyewahi kupanga analeta mdhamini.

Kwenye kipato ndipo wengi tunapodhulumu watu bila kujua. Tunadai hati ya mshahara, kana kwamba anayeuza nyanya Majengo hana kipato. Kiwango changu ni kilekile kwa wote, ila uthibitisho naupokea kwa namna mtu anavyopata riziki: hati ya mshahara, daftari la kikoba, au miamala ya simu ya miezi mitatu.

Anayekamilisha kwanza ndiye anayepata. Naandika tarehe na saa daftarini, la sivyo dalali atamtanguliza aliyempa chochote.

Mwaka jana mpwa wangu alikamilisha siku moja baada ya fundi cherehani mmoja. Nikampa fundi. Dada yangu alininunia mwezi mzima, na sikulala vizuri. Chumba kingine kilipobaki wazi, mpwa alirudi na karatasi zake zote, na namba mbili za wenye nyumba. Nikawapigia wote wawili.