Lubumbashi hadi Kinshasa: kwa nini tiketi inaonyesha saa moja kwenda na saa tatu kurudi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini, ukihesabu saa zilizoandikwa kwenye tiketi ya mdogo wako, unapata mwendo wa saa moja na robo kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, kisha saa tatu na robo wakati wa kurudi, ilhali njia ni ileile. Tiketi haina kosa. Muda wa kuruka na wa kutua huandikwa kwa saa za mji husika, na nchi yetu ya Kongo (DRC) ina majira mawili ya saa: sisi wa mashariki, pamoja na wenzetu wa Kasai, tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja. Ndege ikiruka 10:00 kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hutua N'djili, uwanja wa Kinshasa, 12:15 kwa saa zetu, lakini kule saa zinasoma 11:15. Ikirudi kwa kuondoka N'djili 14:00, inatua hapa 17:15. Muda halisi angani ni saa mbili na robo kwa pande zote mbili. (Kwa mwendo wa jua peke yake tungetofautiana dakika 48 hivi, kwa kuwa miji hii imeachana kwa takriban nyuzi 12 za longitudo.)

Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,550. Jeti ikishatulia juu hukata kilomita 800 hivi kwa saa, nawe ukiongeza dakika za kupaa, za kushuka na za kuzunguka mawingu ya mvua ya radi, ambayo rubani hayapiti katikati, utaufikia muda huo. Ndege ya panga boi, inayokwenda karibu kilomita 500 kwa saa, itahitaji zaidi ya saa tatu. Barabara ya Taifa Namba 1, kupitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga na Kikwit, inazidi kilomita 2,000, na wakati wa mvua malori hukwama humo siku nyingi. Kuhusu treni hadi bandari ya Ilebo na kisha boti ya mto Kasai, mwenye miadi asiifikirie.

Mimi huipita njia hii kwa shughuli za biashara, na kinachonichelewesha mara nyingi ni kituo cha katikati, wala si umbali. Ndege inatua Mbuji-Mayi au Kananga, abiria wanashuka, wengine wanapanda, mizigo inapangwa upya. Siku moja tulikaa hapo mpaka jua likazama, bila mtu yeyote wa kampuni kutueleza sababu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza kama safari ni ya moja kwa moja na ni ndege ya aina gani, kwani bei nafuu mara nyingi huficha kituo.

Umesema mdogo wako ana miadi ya viza asubuhi. Balozi nyingi ziko Gombe, mtaa wa katikati ya Kinshasa, kilomita 25 hivi kutoka N'djili, na msongamano wa boulevard Lumumba unaweza kumla muda mrefu kuliko safari yenyewe ya angani. Asisafiri siku ileile ya miadi. Atue jana yake mchana, na akishafika ahakikishe saa ya simu yake imerudi nyuma kwa saa moja.