Pikipiki haina moto? CDI iache mwisho

Wadogo zangu mnaoanza gereji, nianze na aibu yangu. Dereva wa bodaboda aliniletea pikipiki ya 125 iliyogoma kuwaka baada ya mvua. Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: hakuna cheche. Nikamwambia anunue CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamua cheche irushwe lini. Akanunua, kimya. Nikamwagiza koili, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi, kimya vilevile. Fundi wangu alipokuja alichomoa waya mmoja tu, akapiga kiki, pikipiki ikaunguruma. Hela ya mtu ya siku mbili ilikuwa imeshakwenda.

Waya wenyewe ni ule mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina za muundo wa CG125, CDI inapata umeme kutoka kwenye magneti, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, si kwenye betri. Funguo haileti moto, inauzima: ukizima, waya huo unagusishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki. Sasa ukichubuka pale shingoni, usukani unapoukunja kutwa nzima, ukagusa fremu, ni sawa na pikipiki iliyozimwa, hata ungeizungusha funguo mpaka jioni.

Kwa hiyo anza na huo. Uchomoe karibu na CDI, upige kiki. Moto ukirudi, ugonjwa uko kwenye swichi au njiani. Ila usimruhusu mteja aondoke hivyo, maana funguo haitaizima tena!

Moto usiporudi, kwangua kutu pale waya wa kijani unapofungwa kwenye bodi, kisha shika mita ya umeme. Chomoa soketi ya magneti. Waya mweusi-mwekundu, unaolisha CDI, ukipimwa kwenda bodi usome ohmu mamia kadhaa. Buluu-nyeupe, wa pulsa, yaani unaoiashiria CDI wakati wa kurusha cheche, mara nyingi ni kati ya ohmu 100 na 200. Mita isiposoma kitu, waya umekatika, pengine ndani ya magneti kwenyewe. Jaribu pia kepu nyingine ya plagi. Ni kitu cha bei ndogo na husumbua sana wakati wa masika.

CDI yenyewe haipimiki vizuri kwa mita. Azima nzima kwa jirani, ujaribu, ndipo umtume mteja dukani.

Pikipiki ambazo CDI yake inakula betri ni habari nyingine: hapo kwanza betri na fyuzi. Na rangi nilizotaja msizikariri kwa kila pikipiki, za Kihindi zina zake. Nyingine utakuta fundi aliyekutangulia kaunga waya mwekundu kila mahali.