Mbwa Asiyerudi Akiitwa

SWALI: Mbwa wangu wa miezi 14, nikimfungua kamba ufukweni Luchelele, hageuki nikimwita, hata nikimwonyesha dagaa. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, dagaa hawana kosa. Kwa wakati ule mbwa wako anatamani kukimbia na kunusanusa mchanga kuliko chakula, basi hivyo ndivyo viwe ujira wake. Mfunge kamba ndefu ya mita 10, mwite angali karibu, na akifika tu mruhusu papo hapo arudi kwenye shughuli zake. Wengi wetu humwita mbwa pale tu tunapoondoka, naye hujifunza upesi kwamba kuitika ni kupoteza uhuru. Kwa hiyo mwite mara nyingi na umwachie, ili wito wa kuondoka uwe mmoja tu kati ya mingi. Hata nyumbani, uhuru uwe ujira vilevile: geti lifunguliwe akiwa ameketi.

Kamba ivuliwe atakapokuwa anaitika kila mara mbele ya vishawishi, kwanza mahali penye uzio, na kamwe si karibu na dagaa walioanikwa, maana wenye mali hawatakuelewa.